Kumleta Shangazi kwa Pikipiki Isiyowaka

Tangu nirudi sijapita sokoni hapa Rugera bila mtu kunishika bega na kuniuliza ilikuwaje. Wapo walioniona Jumamosi ile nikiteremka kilima cha kwetu kimya kimya, mama mtu mzima yuko nyuma yangu amefumba macho, wakadhani petroli imeniishia. Wapo waliosikia kutoka Nyabiyonza kwamba nilikwenda kutangaza msiba usiokuwepo. Nimechoka kusimulia vipande vipande, kila mtu na kipande chake. Naandika yote mara moja, na atakayeniuliza tena nitamkabidhi karatasi asome mwenyewe.

Kwa asiyejua, dada yangu Koku alikuwa anapokea wageni wa upande wa mchumba wake siku hiyo ya Jumamosi. Kwetu binti hatoki mbele ya wageni hivi hivi. Shangazi ndiye anayemtoa chumbani, anamshika mkono na kusema mbele ya watu kwamba huyu ni wa kwetu. Sisi tunaye shangazi mmoja tu, dada yake marehemu Baba, aliyeolewa kwa wafugaji huko Kyerwa. Alipigiwa simu. Akajibu kwamba amezeeka, tumsalimie Koku.

Koku akasema kama Shangazi haji, yeye hatoki chumbani, na wageni wataondoka na sahani zao tupu. Dada yangu ni mpole, lakini akisema neno halirudishi. Mama akaniangalia mimi.

"Shangazi haitwi kwa simu," alisema. "Shangazi anafuatwa. Tena anafuatwa na mtoto wa nyumba. Toa pikipiki ya baba yako."

Rugera kwenda Omurushaka

Niliondoka Alhamisi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya migomba. Pikipiki ile Baba aliniachia pamoja na imani yake moja kubwa, kwamba hakuna sababu ya kuchoma petroli mahali ambapo mteremko unaweza kukubeba bure. Nchi yetu ni vilima. Ukizima injini kileleni unashuka hadi bondeni, unasikia upepo tu masikioni, na mafuta yako yametulia kwenye tangi. Baba alifanya hivyo maisha yake yote nami nilimfuata. Najua mnaniita bahili. Lakini mnapoishiwa njiani mnajua nani wa kumwomba chupa moja.

Niseme hapa hapa, kwa kuwa wenye pikipiki watauliza, kwamba kuzima mteremkoni siyo kunakookoa mafuta mengi. Kinachookoa ni matairi yenye upepo wa kutosha, mnyororo uliopakwa oili, gia kubwa kwa mwendo wa wastani, na mkono usiokurupuka. Hayo yote niliyajua. Kuzima kulikuwa raha tu, na mazoea, na kumfuata mzee.

Tatizo la safari lilikuwa selfu, ile stata ya kuwashia kwa kitufe. Kwa wiki kadhaa ilikuwa na vituko. Leo unaigusa kidogo inaamka, kesho unabonyeza inasema "ta" mara moja na kunyamaza. Kiki ilikufa zamani, meno yake yamelika, ukiikanyaga inazunguka bila kushika kitu. Kwa hiyo nilikuwa mtu wa kubonyeza na kuomba Mungu.

Vilima vya kwanza vilikwenda vizuri. Nazima juu, nashuka, nafika chini, nabonyeza, nawaka. Kwenye bonde moja nikabonyeza nikapata "ta" yangu, na taa ya mbele ikafifia kama jicho la mtu mwenye usingizi. Nikabonyeza tena. Nikabonyeza kwa hasira. Kina mama watatu waliokuwa wanakwenda kupalilia walisimama kunitazama.

"Kijana, hiyo hata ukiibembeleza haisikii," mmoja aliniambia. "Panda tukusukume."

Waliweka majembe chini wakanisukuma huku wakivunjika mbavu kwa kicheko. Nikaweka gia ya pili, nikaachia klachi, ikawaka. Niliwashukuru bila kugeuka, maana niliogopa hata kupunguza mwendo.

Kwa fundi

Omurushaka kuna fundi ninayemwamini, Deo, mwenye kibanda cha bati karibu na wauza nyanya. Alichomoa plagi, akaipiga brashi, akairudisha. Akafungua kiti, akakuta vichwa vya betri vimeota unga mweupe. Akavikwangua, akavikaza. Akabonyeza. Ikaamka papo hapo.

"Ilikuwa uchafu tu," alisema. Halafu akafikiri kidogo. "Na wewe unaiendeshaje?"

"Vizuri," nilimjibu.

Angeuliza mara ya pili labda ningemweleza, lakini mteja mwingine alikuwa ameshafika na tairi mkononi. Aliniambia tu kwamba nikiwa na shaka nayo, niwe naiegesha mteremkoni. Huo ushauri niliupenda. Nikala chapati na maharage kwa mama lishe wa jirani, nikanywa chai ya maziwa taratibu, nikarudi, nikabonyeza, ikawaka. Nikajiona mwanamume.

Nikaondoka nikiendelea na kazi yangu ya siku zote. Kilima, zima. Bonde, bonyeza.

Msiba wa Nyabiyonza

Nyabiyonza anakaa Baba Mdogo, mdogo wake Baba, ambaye Jumamosi ndiye angekaa kwenye kiti cha mwenye nyumba. Haikuwezekana kupita eneo lake bila kumwamkia. Shida ni kwamba uwanja wake ni tambarare kabisa, na selfu ilikwishaanza tena kuvuta sauti. Nikakumbuka ushauri wa Deo. Nikaiacha pikipiki juu kwenye mteremko wa barabarani, nikavua helmeti, nikashuka kwa miguu katikati ya mibuni na migomba. Macho yangu yalikuwa mekundu kwa vumbi na upepo.

Mama Mdogo alikuwa anageuza kahawa kwenye mkeka. Aliponiona nikija hivyo, kwa miguu, kichwa wazi, helmeti mkononi, siku ya katikati ya wiki, aliacha kila kitu akaweka mikono kichwani.

"Mawe, mama wee! Ni nani? Ni mama yako?"

"Hakuna mtu, Mama Mdogo! Wote wazima!"

Hakunisikia. Alikwishapiga ukelele, na ukelele wa kule haurudishwi. Jirani wa juu akaja anakimbia, jirani wa chini akaja, mama mmoja akawa anajifunga kanga kiunoni huku akilia na bado hajui anamlilia nani. Mimi niko katikati yao naapa kwamba nimekuja kusalimia. Jinsi nilivyozidi kuapa ndivyo walivyozidi kunishika mikono na kunikalisha, maana kule habari mbaya hailetwi kwa haraka, na mletaji huwa anazungukazunguka kwanza.

Baba Mdogo alitoka shambani akatuliza watu. Alinipa kahawa ya kutafuna kutoka kikapu kidogo, kama anavyopewa mgeni yeyote, lakini punje mbili zilimponyoka zikaanguka chini.

"Mbona umekuja kwa miguu?"

Nikamweleza habari ya selfu na mteremko. Watu wakaguna. Mama wa kanga akaifungua kanga yake na kuondoka bila kuniaga.

Baba Mdogo alitafuna kwanza. "Siku kaka yangu alipotutoka, ni wewe uliyetumwa hapa," alisema. "Gari lilikushusha barabarani, ukaja kwa miguu kupitia hapo hapo. Kichwa wazi."

Sikuwa nimekumbuka kabisa. Siku ile sikumbuki nilivaa nini wala nilipita wapi. Nilikaa nikiangalia njia niliyotoka kushuka, nikajisikia vibaya hadi kahawa ikakosa ladha.

"Usije tena kwetu kimya kimya," aliniambia. "Ingia na pikipiki yako ikiunguruma mpaka mlangoni, watu wajue una heri."

Nililiweka neno hilo moyoni. Tulikula ndizi na maharage yaliyoungwa karanga, wakanifungia lubisi, pombe yetu ya ndizi, kwenye chupa nimpelekee Shangazi, wakanisindikiza hadi juu kwenye pikipiki. Kwenye mteremko iliwaka bila hata kubonyezwa, ilibingirika tu na gia ikaiamsha. Hata hilo halikunifundisha kitu.

Nkwenda na kuendelea

Nkwenda mvua ilinikamata. Nilijibanza kwenye baraza la duka pamoja na waendesha bodaboda wawili, na mvua ilipokatika yangu haikuwaka. Mmoja akasema makaa ya ndani ya stata yamekwisha. Mwingine akasema ni mafuta machafu. Walibishana kwa heshima kubwa, kama wazee wa kanisa, na hakuna aliyekubali kushindwa. Mwishowe walinisukuma wakiwa bado wanabishana, na nilipowapungia mkono niliwaacha palepale katikati ya matope, mmoja anamchorea mwenzake stata hewani kwa vidole.

Ukishapita Isingiro na kuacha barabara kubwa, migomba inapungua, halafu inakwisha, na mbele yako ni majani matupu na ng'ombe mbali kama mawe meusi. Upande huo unapendeza, lakini hauna kilima cha kunisaidia. Kuanzia hapo sikuthubutu kuzima. Nilisimama mara moja tu kuuliza njia, na nilimuuliza mchungaji nikiwa juu ya kiti, injini inanguruma, tukipigiana kelele.

Mgeni asiyezima

Kabla ya kufika kwa Shangazi kuna mwinuko mdogo, ndipo unaiona nyumba yake ya bati na zizi la miti. Nilipita mwinuko ule kwa kasi. Nikaingia uwanjani nikiunguruma kama nilivyoagizwa, nikaiegesha mbele ya mlango bila kuizima, nikapiga hodi.

Kimya. Ndama mmoja alinitolea macho.

"Hodi! Shangazi, ni mimi!"

"Nasikia pikipiki," sauti ilisema kutoka ndani. "Sijasikia mtu."

"Ni mtoto wa kaka yako, Shangazi!"

"Mtoto wa kaka yangu akija kwangu anafika. Wewe bado unapita. Pita basi, safari njema."

Nilisimama pale nikajiona mjinga. Alikuwa na haki. Mgeni anayeacha injini inawaka mlangoni kwa mtu anasema wazi kwamba hana mpango wa kukaa. Lakini pia nilijua kwamba nikigeuza ufunguo ule, kwenye uwanja ule usio na mteremko, nimejifunga mwenyewe, na Jumamosi haisubiri mtu. Nikaugeuza.

Kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa. Nilisikia ng'ombe wakikata majani.

Shangazi alitoka polepole na fimbo yake. Mguu mmoja haukupona vizuri tangu ulipovunjika. Ulivunjika wiki ile ile aliyofariki Baba, na wakati sisi tunamzika, yeye alikuwa amelala hospitali hawezi hata kugeuka.

"Haya, sasa umefika," alisema. "Shikamoo iko wapi?"

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, tata." Aliniita baba, kwa Kinyambo, akanishika uso kwa mikono miwili. Kisha akaiangalia pikipiki kwa muda mrefu kuliko alivyoniangalia mimi.

Nilipewa maziwa, nikaongezwa, nikaongezwa tena. Nikatoa lubisi, nikatoa salamu, nikatoa ujumbe wa Mama na wa Koku. Alisikiliza yote akiitikia kwa kichwa.

"Nilikwishamwambia mama yako. Nimezeeka. Halafu yupo ng'ombe wangu mmoja anakaribia kuzaa, siwezi kumwacha."

Nilitoka nje nikajaribu kubonyeza. Safari hii hata "ta" haikusema.

Ijumaa ya kusubiri ng'ombe

Ijumaa nzima tulikaa na yule ng'ombe. Mume wa Shangazi, Mzee Kagoro, alikuwa amekwenda na kundi malishoni, kwa hiyo tulikuwa wawili tu na mnyama anayezunguka na kulala na kuinuka. Nilifungua betri, nikaifunga. Nilipuliza kabureta. Nilifanya kila ambacho mtu hufanya ili asionekane amekata tamaa.

"Kaa chini," Shangazi aliniambia. "Unamsumbua ng'ombe."

Nikakaa. Baada ya kitambo akaanza kuongea bila kuniangalia.

"Jana uliposhuka pale nilisikia pikipiki yake. Mlio wake naujua. Nikasimama. Halafu nikasikia inaingia hadi mlangoni ikiunguruma, nikajua siye. Yeye alikuwa anaizima kule kwenye mwinuko, anakuja kimya. Mimi niko jikoni sijui hili wala lile, nashtukia mtu amesimama mlangoni anacheka."

Nilimsogezea ng'ombe majani.

"Unataka kujua kwa nini siji," aliendelea. "Sikumwona akizikwa. Sikuona jeneza, sikuona udongo. Hapa kwangu kaka yangu bado yupo, ni kwamba tu hajaja siku nyingi. Nikienda huko nitamkuta amekufa."

Nilikuwa nimejiandaa kwa shangazi aliyekasirika, au aliyeugua, au mwenye kiburi cha uzee, na kwa wote hao nilikuwa na maneno. Kwa huyu sikuwa na kitu. Nilisema tu jambo nililolijua, kwamba Koku ameapa kutotoka chumbani asipotolewa naye.

"Koku anafanana na nani?" aliuliza.

"Na wewe."

Akacheka kwa pua, akafuta macho kwa upindo wa kitenge.

Ng'ombe alizaa alasiri. Ndama jike, mwekundu, mwenye doa jeupe pajani. Shangazi alimfuta kwa majani huku akimwongelesha kwa Kinyambo, akasubiri hadi asimame, hadi apate titi la mama yake. Ndipo akajinyoosha mgongo.

"Huyu ni wa Koku," alisema.

"Nitamwambia, Shangazi. Atafurahi sana."

Aliniangalia kama mtu aliyeniona nikila kwa mkono wa kushoto.

"Utamwambia wewe? Ng'ombe anatolewa kwa kutumiana salamu? Ng'ombe anatolewa kwa mdomo wa mwenyewe, mbele ya watu." Akashika fimbo yake. "Hiyo pikipiki yako itawaka?"

Kurudi

Jumamosi asubuhi Mzee Kagoro na vijana wake walitusukuma kwenye majani. Ng'ombe walitawanyika mikia juu, mbwa akatukimbiza, na pikipiki ilipowaka kila mtu alipiga kelele isipokuwa Shangazi, aliyekuwa amekumbatia kibuyu cha samli mapajani na kuniagiza nisiangalie nyuma.

Tulikwenda vizuri. Migomba ikaanza kurudi, na vilima vikarudi nayo. Tulipofika kileleni mwa mteremko mrefu wa kwanza, mkono wangu ulikwenda kwenye ufunguo wenyewe tu, bila kuniuliza.

Injini ikanyamaza. Upepo ukaja.

Nikasikia Shangazi ananishika shati kwa nguvu, halafu ananipiga mgongoni. "Washa! Washa hiyo! Washa sasa hivi!"

Nilibonyeza. "Ta." Tukateremka hivyo hivyo yeye akinipiga, hadi bondeni, hadi pikipiki ikasimama yenyewe kando ya daraja dogo.

"Nisamehe, Shangazi. Nilisahau kwamba unaogopa kuanguka."

"Nani anaogopa kuanguka?" Alishuka, akakaa kwenye ukingo wa daraja na kibuyu chake. "Hivyo ndivyo alivyokuwa ananibeba yeye. Ukizima, namsikia. Nimejikaza kutoka nyumbani mpaka hapa, usinizimie."

Nilisimama nikiwa nimeishiwa. Bondeni, betri imekufa, mwanamke mwenye mguu mbovu, na Rugera wakati huo wanawasha moto wa kupikia wageni. Nilimfikiria Koku chumbani nikaona kwamba nimeiharibu kazi yote kwa mkono wangu mmoja. Nilibonyeza tena, kwa hasira tu.

"Na wewe hicho unakibonyeza cha nini?" Shangazi aliuliza. "Baba yako hakuwa anakibonyeza."

"Aliwashaje, basi?"

"Mteremko ukikaribia kwisha, bado tunakwenda, alikuwa anaachia huo mkono wa kushoto. Inashtuka, mimi naruka kwenye kiti, namtukana. Kila kilima hivyo hivyo. Mpaka nikazoea kujishikilia."

Nilikaa kando yake kwenye ukingo wa daraja. Klachi. Baba alikuwa anazima kileleni na kuamsha kwa klachi kabla haijasimama, mteremko wenyewe unamwashia. Selfu yake aliitumia asubuhi tu. Mimi nilijifunza namna yake ya kuzima, kwa kuwa ndiyo niliyoipenda, na sikuwahi kuuangalia mkono aliowashia. Kilima kwa kilima nilikuwa naichota betri, taa ya mbele inawaka mchana kutwa, injini imezimwa nusu ya safari haina nafasi ya kurudisha kitu. Kila aliyeitazama aliona stata, plagi, uchafu, mafuta. Ugonjwa ulikuwa ule ubahili wangu niliokuwa najisifu nao.

Vijana wawili waliokuwa wanasukuma baiskeli zenye mikungu ya ndizi walizilaza kando wakatusukuma sisi. Iliwaka. Kuanzia pale sikuugusa tena ufunguo. Nilizima taa ya mbele, nikashuka vilima vyote vya Kyerwa na Karagwe injini ikinguruma, Shangazi ametulia nyuma, na petroli ikichomwa mteremkoni bure. Iliniuma, sifichi. Kila bonde niliiona petroli ile kama maziwa yanayomwagika.

Nkwenda tulipita bila kusimama. Nyabiyonza hatukuingia, Baba Mdogo alikuwa ameshatangulia. Lakini Omurushaka tangi lilikuwa linaelekea kukauka, na kituo cha mafuta hawakusikilizi mpaka uzime. Nikazima. Nikajaziwa. Shangazi alipanda tena nyuma akashika kibuyu. Kituo kipo tambarare, na sikuona mtu wa kusukuma. Nikagusa kile kitufe kidogo, kwa kidole cha mtu anayepima kama chungu ni cha moto.

Ikaamka mara moja, kwa nguvu, kama siku ilipotoka dukani.

"Umeifanya nini?" Shangazi aliuliza.

"Wewe ndiye uliyeifanya. Umenikataza kuzima."

"Sasa mbona hukuja kunichukua mapema?"

Kilima cha kwetu

Tulifika juu ya kilima cha nyumbani wageni wakiwa wamekwishakaa. Tuliona magari yao chini, turubai la bluu, moshi wa jikoni. Shangazi alinigonga begani nisimame. Aliangalia kwa muda mrefu. Aliangalia bati la nyumba, akaangalia migomba, halafu akaangalia pale kando ya mibuni panapoonekana saruji nyeupe. Sikumwonyesha. Aliiona mwenyewe.

"Zima," alisema.

"Shangazi?"

"Zima, tata. Nataka kufika kwake kama alivyokuwa anafika kwangu."

Nikazima. Tukaanza kushuka, upepo tu masikioni. Niliweka mkono kwenye klachi lakini sikuiachia. Nilisikia paji lake la uso limelala mgongoni kwangu, na shati likalowa. Mlituona hapo, ninyi mliokuwa barabarani. Petroli ilikuwepo, tena tangi limejaa.

Tuliingia uwanjani kwa upande wa nyuma, matairi yakisaga changarawe, na pikipiki ikasimama yenyewe karibu na mibuni. Alinipa kibuyu nishike. Akaenda kwa fimbo yake hadi kaburini, akaweka kiganja juu ya saruji.

"Shikamoo, kaka," alisema. "Nimekuja."

Alikaa pale kidogo tu. Akajifuta, akajifunga kitenge upya, akaelekea mlango wa nyuma.

Haya mengine Koku amenisimulia juzi, na ndiyo yaliyonifanya niandike. Anasema alikuwa amekaa kitandani, amekwishavaa, anasikia wageni wakicheka nje, na moyoni ameshakubali kwamba Shangazi haji. Hakusikia pikipiki. Alichosikia ni matairi yakisaga changarawe bila mlio wowote, kisha kimya, kisha hatua za mtu asiye na haraka. Alinyanyuka kabla hajafikiri lolote akaenda kumfungulia Baba mlango, kama zamani. Alipofungua, alikuwa amesimama Shangazi.